Siku ya Wawili North Berwick: Mwongozo Kamili wa Kutembea kwa Kufuata Maji

Mke na mume wakipata siku moja ya mapumziko Scotland, mara nyingi huimalizia Edinburgh: ngome asubuhi, maduka mchana, foleni ya chakula jioni, na safari ya kurudi kila mmoja ameinamia simu yake. Ushauri wangu ni kuupita mji huo. Treni inayoondoka stesheni ya Waverley huchukua nusu saa na dakika chache kufika North Berwick, mji mdogo wa East Lothian, pale ghuba ya Forth inapofunguka kuingia Bahari ya Kaskazini. Fuo mbili za mchanga, bandari katikati yake, kilima kimoja nyuma ya mji, na jabali jeupe baharini. Vyote hivyo mnavifikia kwa miguu, isipokuwa jabali.

Wageni wengi huja na orodha ya vituo saba, kila kimoja na saa yake. Kufika saa nane wameshachelewa vituo vitatu na wameanza kulaumiana. Mtu wa pwani angeanza kwingine: angeuliza maji yanajaa saa ngapi. Mkishajua hilo, siku inajipanga yenyewe na hakuna haja ya kukimbizana.

(Saa zote humu ni za Kiswahili. Ubao wa stesheni utaandika 09:00 pale ninaposema saa tatu asubuhi, kwa hiyo kabla ya kulaumu treni, hesabuni vizuri.)

Kuchagua mwezi

Katikati ya Mei hadi katikati ya Julai ndio wakati wangu. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama kama saa nne usiku, na hata likizama mwanga hauondoki haraka. Siku ndefu namna hiyo ndiyo inayowaruhusu kukaa kwenye benchi saa nzima bila kuona mmepoteza kitu. Desemba ni kinyume: jua linatoka saa mbili na dakika arobaini hivi, na kabla ya saa kumi jioni limeshaondoka. Msiogope kwenda wakati wa baridi, ila chagueni ufuo au kilima, msitake vyote.

Ndege nao wana ratiba. Gannet, ndege wakubwa weupe wa jamii ya membe, hufika Februari na kuondoka Oktoba. Wengi wao huenda kupisha baridi kwenye bahari ya Afrika Magharibi. Puffin, wale wadogo wenye mdomo wa rangirangi, hukaa tangu Aprili hivi hadi mwisho wa Julai, kisha hurudi bahari kuu. Mkija Agosti kwa ajili ya puffin mtaona picha zao kwenye vikombe tu.

Jambo moja la kuwatahadharisha: ukungu wa baharini, ambao wenyeji huuita haar. Hutokea zaidi majira ya kuchipua na mwanzoni mwa kiangazi, hewa yenye joto ikipita juu ya bahari iliyo baridi bado na upepo mwepesi wa mashariki ukiusukuma nchi kavu. Edinburgh mjini kunaweza kuwa na jua kali, na North Berwick msione bandari kutoka barabarani. Angalieni kamera za moja kwa moja za mji huo mtandaoni kabla ya kununua tiketi. Ila haar ikiwakuta mkiwa tayari kule, kaeni. Mara nyingi huondoka mchana.

Kusoma jedwali la maji

Hapa ndipo penye siri ya siku nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Aliyekulia Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hubadilika kidogo). Scotland sheria ni ileile. Kati ya kujaa na kujaa ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi, na siku za bamvua tofauti ya juu na chini hapa hupita mita 4. Maana yake ni kwamba ufuo mpana mlioutembea asubuhi mkiwa mbali na ukuta, alasiri unaweza kubaki kipande chembamba chenye watu na mbwa wamebanana.

Jedwali lipo bure mtandaoni. Tafuteni North Berwick, au Leith ambayo haitofautiani sana. Kiangazi saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja, kwa hiyo hakikisheni kama saa zilizoandikwa zimeongezwa saa hiyo, kwa sababu baadhi ya majedwali hayaongezi.

Pwani hii ina tabia yake. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwa kawaida hupwa katikati ya asubuhi, hujaa alasiri kama saa tisa au kumi, na hupwa tena usiku unapoingia. Mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo mwezi ulivyo angani unatosha kuwaambia siku yenu itakuwaje.

Siku ya bamvua: shukeni treni mapema, ufuo kwanza wakati mchanga uko wazi, kisha bandari na chakula, boti maji yakipanda, kilima alasiri bahari ikiwa imejaa, na ufuo tena jioni maji yakiondoka. Siku ya maji mafu: boti au kilima asubuhi, chakula, halafu alasiri yote ufuoni bila kuinuka. Mimi huchagua bamvua. Juni jua huzamia kaskazini-magharibi, upande wa pili wa ghuba, na ufuo wa magharibi unatazama huko huko.

Kufunga mkoba

Mkoba mmoja kwa wawili, na abebe yule anayelalamika kidogo. Wekeni koti la kuzuia upepo kila mmoja, hata kama ni Julai. Mwavuli uacheni nyumbani, upepo wa hapa utaugeuza nje ndani kabla hamjafika bandarini. Viatu vya kufunga kwa ajili ya kilima. Kikoi au khanga mbili: moja ya kukalia, moja ya kujifutia au kujifunika. Chupa ya chai ya tangawizi ina thamani kuliko kamera.

Kadi ya benki hupokelewa karibu kila mahali. Mkirudishiwa chenji ya noti, zinaweza kuwa noti za benki za Scotland, ambazo ni pauni halali lakini hazifanani na zile za England. Kama mnasafiri kurudi Afrika Mashariki zitumieni kabla, kwa sababu wabadilishaji fedha wengi hawazifurahii.

Treni

Nauli za Scotland hazipandi tena asubuhi na jioni kama zamani. Tofauti hiyo ilifutwa Septemba 2025. Hakuna sababu ya kusubiri saa nne ili mpate bei nafuu. Kwa kawaida kuna treni moja kila saa. Kaeni upande wa kushoto wa treni ikielekea mashariki: baada ya Prestonpans bahari huanza kuchungulia. Gari acheni. Mitaa ya mji ni myembamba na siku ya jua mtazunguka kutafuta maegesho mpaka furaha ya siku iishe.

Kwenye treni, kabla hamjashuka, gawaneni siku. Mmoja aamue asubuhi, mwingine aamue alasiri, na mwenye zamu asiulizwe kwa nini. Ruhusuni pia saa moja ya kila mtu na njia yake. Mji ni mdogo, hamtapotezana. Yule apendaye kuchungulia mitumba atakuta maduka ya hisani kwenye High Street, na mwenzake anaweza kukaa bandarini akitazama watu wakivuta mitego ya kaa.

Bandarini

Kutoka stesheni hadi bandarini ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa hatua za wapendanao, kumi kwa wengine. Bandari iko juu ya rasi ya mwamba inayogawa ufuo wa magharibi na ule wa mashariki, uitwao Milsey Bay. Simameni kwenye rasi hiyo kwanza, mtaona kila mtakachokifanya siku hiyo: kilima kusini, fuo pande mbili, visiwa mbele.

Karibu na hapo kuna mabaki ya kanisa la kale la Mtakatifu Andrea, la karne ya 12. Mahujaji waliokuwa wakielekea St Andrews walisubiri hapa kivuko cha kwenda Fife. Mahali hapa pana habari nyingine inayowafaa watu wawili kuijua. Mwaka 1589 mfalme James VI wa Scotland alivuka bahari kumfuata mchumba wake, Anne wa Denmark, ambaye dhoruba zilimzuia kufika. Wakafunga ndoa Oslo mwezi Novemba na kurejea mwaka uliofuata. Dhoruba zile zikatafutiwa wenye kulaumiwa. Makumi ya watu wa eneo hili walishtakiwa kwa uchawi, ikidaiwa walikutana usiku kanisani hapa kuizamisha meli ya mfalme. Agnes Sampson, mkunga na mganga, aliteswa, akahojiwa mbele ya mfalme mwenyewe, akauawa 1591. Bwana harusi alichelewa baharini, wakalipa wanawake wa vijijini.

Hatua chache kutoka hapo upo msalaba wa mawe wa kumkumbuka Catherine Watson, msichana wa miaka 19 kutoka Glasgow aliyekufa maji mwaka 1889 katika ufuo wa mashariki akimwokoa mtoto. Usomeni kabla ya kuingia majini.

Kituo cha ndege wa baharini, Scottish Seabird Centre, kilifunguliwa mwaka 2000 na kiko papo hapo. Kina kamera zilizowekwa visiwani, na mnaweza kuzielekeza wenyewe na kumtazama ndege akilisha kinda. Mvua ikiwashika, hapo ndipo pa kuipitishia.

Boti ya kwenda Bass Rock

Hili ndilo litakalowagharimu kuliko mengine yote, na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, liwe hili. Wekeni nafasi siku kadhaa kabla, hasa mwisho wa wiki. Boti hutembea zaidi kati ya Aprili na Oktoba, na safari ya kawaida ya kuzunguka visiwa ni saa moja na kidogo. Bandari hukauka maji yakipwa sana, kwa hiyo ulizeni mapema boti itaondokea wapi. Nahodha akisema bahari chafu na safari imevunjwa, msibishane naye. Chukueni fedha zenu au tarehe nyingine.

Bass Rock ni jabali la volkano lenye urefu wa mita 107. Kwa mbali mtadhani limepakwa chokaa. Ni ndege, pamoja na kinyesi chao. Hapa ndipo penye moja ya makundi makubwa kabisa ya gannet duniani, na hata jina lao la kisayansi, Morus bassanus, limetoka kwenye jabali hili. Hesabu ya 2014 ilipata zaidi ya viota 75,000. Mafua ya ndege ya mwaka 2022 yaliwapiga vibaya, idadi ikashuka sana, na hadi leo wengine waliopona ugonjwa ule wanatambulika kwa macho yaliyogeuka meusi badala ya kuwa na rangi ya samawati hafifu.

Gannet akifungua mbawa hufikia karibu mita 1.8. Anapoona samaki hujikunja na kujitupa majini kwa kasi inayofikia kilomita 100 kwa saa. Harufu ya kisiwa mtaisikia kabla ya kelele zake. Mwenye kichefuchefu akae nyuma ya boti, atazame upeo wa bahari, asitazame simu.

Yaangalieni pia magofu chini ya mnara wa taa wa 1902. Jabali hili lilikuwa gereza. Mwaka 1691 wafungwa wanne, wafuasi wa mfalme aliyepinduliwa, waliwafungia nje askari waliokuwa wameshuka kupokea makaa, wakaishikilia ngome hiyo karibu miaka mitatu.

Chakula

Samaki wa kukaanga na chipsi ndiyo desturi, na Scotland samaki anayependwa ni haddock, samaki mweupe wa bahari baridi, kuliko jamaa yake cod. Pwani hii muuzaji atawauliza kama mnataka chumvi na sosi: ni sosi ya kahawia iliyochanganywa na siki, na wenyeji wa Edinburgh na jirani zake wanaitetea kama dini. Ijaribuni pembeni kwanza.

Waislamu waulize mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, mafuta: maduka mengi ya Scotland hukaangia mafuta ya ng'ombe, mengine hutumia ya mimea. La pili, unga wa kuchovyea samaki wakati mwingine huchanganywa na bia. Kuuliza si aibu na mtajibiwa vizuri.

Majira ya kiangazi bandarini kuna kibanda kinachouza kambakoche na chipsi. Huyu si kambakoche wetu wa pembe ndefu za miiba. Ana makucha mawili mazito, akiwa hai ni wa bluu iliyoiva kama nyeusi, na nyama tamu iko kwenye makucha. Nunueni mmoja wa kugawana. Kama hewa ni baridi, supu nzito ya haddock aliyefukizwa moshi, viazi na maziwa, iitwayo Cullen skink, itawarudishia uhai.

Mkila nje, mmoja akae na mgongo wake ukutani na kazi yake iwe shakwe. Ndege hawa hawaogopi mtu, hutokea nyuma, na kipande kikubwa cha samaki kinaondoka mkiwa mnaangaliana machoni. Acheni kuangaliana machoni mpaka mmalize kula.

Kilima

North Berwick Law kina mita 187, nacho ni mabaki ya volkano ya kale. Kutoka katikati ya mji hadi mwanzo wa njia ni karibu kilomita moja na nusu, na kupanda ni kama nusu saa kwa mwendo wa kawaida. Njia ni ya wazi lakini ina mawe yanayoteleza baada ya mvua. Juu kuna magofu ya jengo la walinzi wa zama za vita vya Napoleon, na upinde wa taya la nyangumi. Taya la kwanza liliwekwa huko 1709. La mwisho la mfupa halisi lilioza na kuondolewa 2005, na hili mnaloliona, la mwaka 2008, ni la kutengenezwa. Piga picha tu, hakuna atakayejua.

Mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Akae Lodge Grounds, bustani ya umma iliyo mjini, na mwenzake apande peke yake arudi na hadithi. Upande wangu nasema mpande pamoja, polepole, hata kwa kupumzika mara tano, kwa sababu bahari ikijaa mnauona mji wote umebanwa kati ya maji na mashamba, na Bass Rock inaonekana kama kwamba mnaweza kuigusa.

Wanaotaka kusali, mkiwa ufuoni tazameni Law, ambayo iko kusini. Kibla ni kushoto kwake, kusini-mashariki. Aliyezoea kuelekea kaskazini kama nyumbani Tanzania ajihadhari na mazoea.

Ufuoni

Ufuo wa mashariki una bwawa lililozungushiwa ukuta ambalo bahari hulijaza ikipanda. Maji yake hutulia, na wasiojua kuogelea wanaweza kutia miguu bila wasiwasi. Baridi ni nyingine. Hata Agosti bahari haivuki sana nyuzi 14, na mwezi Machi huwa kwenye 6 au 7. Ingieni taratibu, tokeni mapema, vaeni mara moja, kunyweni chai. Mtu akiwa hatarini majini msimfuate. Pigeni 999 na muombe walinzi wa pwani.

Ufuo wa magharibi ndio wa kutembea. Maji yakiwa yamepwa mnaweza kuufuata kandokando ya viwanja vya gofu hadi Yellowcraig, mkabala na kisiwa cha Fidra chenye mnara wa taa. Ni kilomita tano hivi. Ondokeni maji yakiwa bado yanashuka, si yakishaanza kupanda, la sivyo mtarudi kwa kuparamia mawe. Sheria ya Scotland ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote kwa adabu, hivyo hakuna atakayewafukuza, ila wapisheni wacheza gofu. Mbwa wako kila mahali, bila kamba mara nyingi. Asiyewapenda asimame tu, mkono mfukoni. Mwenye mbwa atamwita.

Hakuna cha kufanya Yellowcraig zaidi ya kukaa. Tandikeni kikoi nyuma ya kichuguu cha mchanga ambako upepo haufiki, mmalize chai.

Kurudi

Kabla ya kukaa kusubiri machweo angalieni saa ya treni ya mwisho, kwa sababu Juni mwanga hudanganya: mnaweza kudhani ni saa kumi na mbili kumbe saa nne kasoro. Jumapili ratiba ni tofauti na treni ni chache. Ikiwapita, kuna basi la kwenda Edinburgh linalochukua zaidi ya saa moja, na ratiba yake ya usiku muulizeni dereva au iangalieni kituoni kungali mchana. Ondoeni mchanga kwenye viatu kabla ya kupanda.